Uzi: Gari la auto ni D tu, hizo 2, L, S na B ni mapambo?

#1 Mgeni wa Mbezi
Wakuu, habari za leo. Gari ni IST ya 2004, injini 1NZ. Leva ina P, R, N, D, 2, L, na ubavuni kuna kitufe kidogo cha O/D (ovadraivu). Mwisho wa mwezi kuna safari ya Dar–Iringa na kurudi, maana yake mlima Kitonga naupanda na kuushuka. Shemeji yangu anasema auto ni D tu, hizo 2 na L waliweka kwa ajili ya kuvuta gari lingine. Kwenye mteremko anasema weka N uokoe mafuta. Halafu kwenye dashibodi kuna taa ya njano O/D OFF inawaka muda wote, naye anasema ikiwaka ndiyo mfumo uko kazini. Wajuzi mnasemaje?

#2 Kambi Popote
Naweka kambi. Shemeji huyo tumletee kiti.

#3 Spana 14
Mkuu #1, shemeji amekosea yote matatu, ila tuanze na taa.

Giaboksi hiyo ina gia nne za mbele. D inatumia zote nne. Ukibonyeza O/D na taa ikawaka, umeifungia ya nne, zinabaki tatu. Ukishusha leva kwenye 2 zinabaki mbili. L inabaki moja. Ni kama geti: unaiambia kompyuta isivuke hapo, lakini ndani ya geti inabadilisha gia yenyewe kama kawaida.

Kwa hiyo gari lako linatembea bila gia ya nne, na huenda liko hivyo tangu lishuke bandarini. Uwiano wa gia ya tatu ni 1.000, wa nne ni 0.700. Kama kwenye 100 kwa saa mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ungekaa karibu 2,500 ukiwa na ya nne, bila hiyo unakaa karibu 3,600. Hiyo elfu moja na ushei ndiyo inayokunywa mafuta yako kuanzia Chalinze hadi Mikumi. Bonyeza kitufe mara moja, taa izimike, basi.

#4 Mkaa Foleni
Spana umenena. Magari ya kuuza ukizunguka yadi yoyote utakuta mawili matatu yana O/D OFF inawaka. Mtu anashika leva, kiganja kinabonyeza kitufe bila kujua, taa ya njano inawaka, anadhani ni ya mapambo.

#5 Jicho la Kanta
Nyongeza kwa #3 kabla watu hawajachanganya. Kwenye Toyota nyingi ukiweka 2 gari linaondoka na gia ya kwanza, kisha linaingia ya pili na kukaa hapo. HALIONDOKI na ya pili. Wengi wanaweka 2 kwenye tope wakidhani wameondoka na gia ya pili, kumbe tairi inapokea nguvu yote ya kwanza na kuchimba shimo.

Wanaotaka kuondoka na ya pili ni wenye kitufe cha SNOW kwenye Mark X na Crown, au kile cha 2nd kwenye baadhi ya Prado na Land Cruiser. Theluji hatuna, ila tope la kijivu la Kilombero linakubali SNOW vizuri tu.

#6 Shusha Taratibu
Kama taa ya O/D OFF INAPEPESA yenyewe, siyo kuwaka mfululizo, hiyo ni giaboksi inaomba msaada: sensa ya mwendo, solenoidi (vali ya umeme) au waya wake. Kwa Toyota za Japani za miaka ile, kwenye soketi ya kupimia chini ya dashibodi unaunganisha pini namba 4 na 13 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu mapepeso. Mapigo ya kwanza ni tarakimu ya kwanza, inatulia, mapigo yanayofuata ni ya pili. Ukiona inapepesa haraka haraka bila kutulia, hakuna kosa lililohifadhiwa. Pini 16 usiiguse, ina moto wa betri.

#7 Kambi Popote
Pini 16 usiiguse. Nimeandika ukutani.

#8 Mteremko Mkali
Nije kwenye N mteremkoni, maana ndiyo inayoua watu.

Ukiwa D na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Kompyuta inaona mafuta hayakanyagwi na mizunguko iko juu, inafunga injekta (zinazonyunyiza petroli) kabisa. Matumizi ni sifuri mpaka RPM ishuke karibu na elfu moja na mia kadhaa, ndipo injekta zinarudi ili injini isizime. Ukiweka N, magurudumu hayaizungushi tena, kwa hiyo ni lazima ichome petroli ili ijiendeshe yenyewe. Yaani anayeweka N kuokoa mafuta ndiye anayeyachoma.

Na hapo umepoteza breki ya injini. Kitonga yote inabaki juu ya pedi nne ndogo za IST, na kwa nyuma nyingine hazina hata diski, zina ngoma.

#9 Lita Kumi
Mkuu #8, hesabu yako ni sahihi kwa mteremko mkali tu. Kwenye miinuko midogo midogo, sema kati ya Mdaula na Morogoro, ukiachia mafuta ukiwa D injini inakuvuta, mwendo unashuka kutoka 90 hadi 75, unakanyaga tena kuupandisha. Aliyeweka N anaserereka kilomita nzima akichoma ya sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) peke yake. Injekta zako zimefungwa sekunde ishirini, kisha umelipa deni lote kwa kukanyaga. Siungi mkono N Kitonga, ila msiseme N haiokoi mahali popote.

#10 Mteremko Mkali
#9 hapo sibishi sana kwa fizikia. Nabisha kwa giaboksi. Ukiwa N mwendo wa 90, pampu ya hydroliki (mafuta ya giaboksi) inazunguka kwa kasi ya injini, yaani kama 700, wakati gia za upande wa magurudumu zinazunguka kwa kasi ya 90. Ulainishaji ni wa gari lililosimama, mzunguko ni wa gari lililo barabara kuu. Halafu ukirudisha D injini ikiwa 700, klachi ndiyo zinazobeba jukumu la kuivuta mpaka 2,300 kwa mkupuo. Ule mshtuko mdogo unaousikia siyo bure.

#11 Lita Kumi
Ndiyo maana wanaojua wanakanyaga mafuta kidogo kabla ya kurudisha D.

#12 Spana 14
Wanaojua hawaweki N 😀

#13 Boss wa Naivasha
Salamu kutoka Kenya. Huku tuna ile kushuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, na gari nyingi ni Fielder za CVT (giaboksi ya mkanda, isiyo na gia) zenye D, S na B. Breki zikianza kunuka watu wanalaumu pedi. Shida kubwa huwa ni mafuta ya breki. Yanavuta unyevu hewani. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanywa maji kiwango chake ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 ikiwa na maji. Yakichemka ndani ya mpira unapata mapovu ya mvuke, na mvuke unabanika. Pedali inaenda mpaka chini bila kitu. Badilisha kila miaka miwili hata kama rangi ni safi, halafu ushuke na S, ikizidi B.

#14 Bint Pwani
Jamani B siyo ya betri? Kwenye Aqua, hybridi ya injini na mota ya umeme, nimeambiwa ukiweka B inachaji zaidi, kwa hiyo mjini kutwa nzima B.

#15 Jicho la Kanta
Hapana dada. B ni breki ya injini. Kwenye Aqua na Prius ukiwa D na ukaachia mafuta au ukagusa breki taratibu, mota tayari inageuka jenereta na kuchaji. B inaongeza ukinzani kwa kuizungusha injini bila kuipa mafuta, na nguvu inayozungusha injini ni nguvu ambayo ingeenda kwenye betri. Faida yake inakuja kwenye mteremko mrefu betri ikishajaa, maana hapo haipokei tena na breki ya mota inapungua. Mjini kaa D.

Na hybridi ikiwa N haichaji. Ukikaa kwenye foleni ndefu na N huku AC inavuma, betri kubwa inashuka tu mpaka gari likugomee.

#16 Bint Pwani
Asante. Kumbe miezi yote nilikuwa naringa na B.

#17 Mkaa Foleni
Tukiwa hapo hapo, foleni ya Kimara: D na breki, N, au P?

#18 Shusha Taratibu
N kama kusimama kunazidi dakika moja. Ukiwa D na breki, upande mmoja wa toki konveta (inayounganisha injini na giaboksi kwa mafuta) unazungushwa na injini, mwingine umezuiwa. Mafuta yanachapwa katikati na joto lote linaishia kwenye hydroliki. Mchana wa Dar, kipoza cha hydroliki kiko ndani ya rejeta ambayo nayo inahangaika na AC.

#19 Spana 14
Sikubaliani. Injini ikiwa sailensa joto hilo ni dogo, rejeta inalimudu. Kinachoisha ni klachi ya mbele, ile inayoshika kila unapotoa N kuingia D. Foleni ya saa mbili ukicheza N-D, N-D mara mia, umeishikisha mara mia. Ukikaa D haijaachia hata mara moja. Hydroliki ni ya kubadilisha, klachi ni ya kufungua giaboksi.

#20 Lita Kumi
Mara mia ya kushika injini ikiwa 700 na gari limesimama ni kazi ndogo kuliko mara moja ya kurudisha D kwenye 90. Na D na breki inakula mafuta kidogo zaidi ya N, hilo unaliona hata kwa mtetemo.

#21 Jicho la Kanta
Huo mtetemo tuutenganishe. Gari likitetemeka ukiwa D umesimama na likatulia ukiweka N, usikimbilie giaboksi. Tazama mauntingi za injini (mipira inayoishikilia), hasa ya upande wa kulia na ile ya chini inayozuia injini isijipinde. Mtu asimame mbele na boneti wazi, wewe kanyaga breki sawasawa, ingiza D kisha R. Injini ikiruka zaidi ya upana wa vidole viwili, mpira umeisha. Wengi wanaweka N kwenye foleni kuficha mauntingi, halafu wanatuletea nadharia za joto.

#22 Mkaa Foleni
#21 umenifumania.

#23 Gurudumu la Tano
Mimi ni wa malori, mnisamehe. Kwetu kanuni ni kushuka na gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Na unaichagua KABLA ya kuanza kushuka. Pale juu ukitoka Ilula, ukianza kutafuta gia tayari gari limeshika mwendo, umechelewa.

#24 Mteremko Mkali
#23 hiyo inafaa mno hata kwa gari dogo. Kwa #1, ukirudi kutoka Iringa fanya hivi: kabla ya mteremko punguza hadi 50, bonyeza O/D taa iwake. Ukiona mwendo bado unapanda bila kukanyaga, weka 2. Kwa IST kwenye 50 mshale utakaa karibu 2,800, kelele itaongezeka, usiogope, injekta zimefungwa na injini inapumua hewa tupu. Breki zikihitajika kanyaga kwa kukaza, punguza hadi 40, achia kabisa zipoe. Usiegeshe mguu juu ya pedali kilomita nzima. L iache, labda uwe nyuma ya semi inayotambaa kwa 20.

Kupanda: D itakuwa inahangaika, inaingia ya nne, inashindwa, inarudi ya tatu, inaingia tena. Kila inaporuka, kufuli ya toki konveta inafunguka na hydroliki inachemka. Zima ovadraivu toka Mahenge, utulie.

#25 Mpenda Amani
Wakuu swali la kijinga. Breki ya injini si inachakaza injini na giaboksi? Pedi seti moja bei yake haifiki hata robo ya giaboksi ya kutumika.

#26 Spana 14
Si la kijinga. Klachi iliyoshika bila kuteleza haichakai, iwe injini inavuta gari au gari linasukuma injini. Kinachochakaza ni kuteleza na joto. Ila kuna jambo moja ambalo wanaosema "D inatosha" hawalijui. Ukiwa D kwenye gia ya kwanza, na kwa giaboksi nyingi za zamani hata ya pili, nguvu inapitia klachi ya upande mmoja, kama fri ya gurudumu la nyuma la baiskeli: ukipiga pedali inashika, ukiacha inajizungukia ta-ta-ta. Kwa hiyo gari likikusukuma halipati ukinzani. Ukiweka 2 au L ndipo kompyuta inabana breki nyingine ya ndani ili injini ishikamane na magurudumu pande zote mbili. Hiyo ndiyo kazi ya herufi hizo. Kwa mteremko wa Lushoto kuja Soni mpaka Mombo, D ya 25 kwa saa na 2 ya 25 kwa saa ni magari mawili tofauti.

#27 Kambi Popote
Mfano wa baiskeli umenikomboa.

#28 Mpenda Amani
Nimeelewa, ila bado moyo unaniuma nikisikia injini inalia 3,500.

#29 Jicho la Kanta
Laini nyekundu yake inaanzia zaidi ya 6,000. Mwache alie kidogo.

#30 Boss wa Naivasha
#26 hiyo ni ya giaboksi za gia. CVT haina gia, ni mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kubanika. S inashikilia RPM juu kidogo, B juu zaidi. Kitu kimoja tu: usiitese ikiwa baridi asubuhi, na usiiwekee ATF (hydroliki ya auto) ya kawaida. Hydroliki ya CVT imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ukiweka ATF kama T-IV au WS humo, mkanda unaanza kuteleza, unasikia mluzi na gari linatikisika ukiondoka. Premio zilizobadilika mwaka 2007 zinaumiza watu, fundi anaona ni Premio tu anamwaga ile ile ya Premio ya zamani iliyokuwa na gia nne.

#31 Shusha Taratibu
Hapo #30 umegusa donda. Kwa IST ya #1: soma kilichoandikwa kwenye kijiti cha hydroliki, usisikilize duka. Kupima: gari liwe limetembea angalau dakika ishirini, sehemu tambarare, injini ikiunguruma, pitisha leva P mpaka L na kurudi P taratibu, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Usome alama ya HOT. Ukimwaga kwa nati ya chini inatoka kama lita 3 tu, iliyobaki imo kwenye toki konveta. Pima iliyotoka, rudisha kiasi kile kile. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kubadilisha mara moja hakutoshi.

#32 Lita Kumi
Wengine wanasema ikishakuwa nyeusi usiibadilishe kabisa, maana ule unga wa klachi ndio unaosaidia kushika.

#33 Shusha Taratibu
Giaboksi inayosubiri unga ili ishike imeshakufa, inangoja tarehe ya mazishi.

#34 Spana 14
Siyo wote. Zipo zilizoteleza siku mbili baada ya kubadilishiwa baada ya miaka mingi. Lumbano hilo tufungue uzi wake.

#35 Bint Pwani
Na kuegesha mlimani? Nikitoa P inagonga "ko!" mpaka naona aibu.

#36 Gurudumu la Tano
Dada, gari limelalia kijino cha P. Kanyaga breki, weka N, vuta handbreki, achia mguu polepole gari likae juu ya handbreki, kanyaga tena, ndipo uweke P. Kuondoka: kanyaga breki, toa P kwanza, handbreki mwisho.

#37 Mgeni wa Mbezi
Shukrani wakuu, mmenifungua. Nimebonyeza kitufe, taa imezimika. Jana Kibaha kwenye 80 mshale umekaa 2,000, mwanzo ulikuwa karibu 2,900. Tatizo jipya: shemeji ameliendesha leo, anasema nimeliharibu, limekuwa zito.

#38 Mteremko Mkali
Kwenye gia ya nne ukigusa mafuta kidogo halirukiruki kama kwenye ya tatu, ndio uzito anaousikia. Akitaka kupita gari akanyage mpaka chini, litashusha gia lenyewe.

#39 Mgeni wa Mbezi
Amekibonyeza tena kitufe. Taa inawaka.

#40 Kambi Popote
Kile kiti cha shemeji kimefika?